Karavani ya Mama Mkwe

Daktari alisema Ciakuthii angeruhusiwa kutoka hospitalini wiki iliyofuata, ila angelazimika kurudi hapo Embu mara mbili kila wiki kusafishwa damu, kwa sababu figo zake zilikuwa zimekataa kazi. Mama wa watu alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho. Kisha akamgeukia binti yake Kagwiria.

"Na nitakuwa nikilala wapi?"

"Kwangu, Mama. Chumba cha mjukuu wako Wanja kiko wazi, yeye yuko bweni. Kitanda kiko, blanketi ziko."

"Kwako ni wapi?"

"Manyatta, Mama. Si unapajua?"

"Napajua. Ni kwa Njue."

Njue ni mumewe, na hapo ndipo mambo yote yalipogonga mwamba. Kwa asiyejua adabu za huku milimani, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawazoeani, hawatazamani machoni ovyo, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe hata kunyeshe mvua ya mawe. Wengi wameshaacha hayo. Nenda mjini leo utamkuta mama mkwe amejinyoosha kwenye kochi la mkwewe, rimoti mkononi, anauliza chai iko wapi. Lakini Ciakuthii wa Igoji hakuwa mama wa namna hiyo, na figo kufa hakukumbadilisha hata kidogo.

"Basi tutakujengea kachumba kando, hapo nje," Kagwiria alisema.

"Kachumba ka nani? Kwa shamba la nani?"

"Mama, aki! Unataka ulale juu ya mti?"

"Nirudishe Igoji."

Igoji hakukuwa na mtu. Mtoto wake wa kiume alikuwa Uarabuni akiendesha malori, majirani walikuwa na mashamba yao ya majani chai, na kutoka kule mlimani mpaka penye mashine ya kusafisha damu ni safari ya kumchosha hata mtu mzima wa afya. Kagwiria alijua kumrudisha mama Igoji ni kumrudisha akafe. Mama naye alijua. Tofauti ni kwamba mama hakuona hilo ni jambo la kupigiwa kelele wodini.

Kagwiria ndiye aliyeikumbuka karavani. Ilikuwa nyuma ya bucha la Shukri pale sokoni Manyatta, nyumba ya bati jeupe iliyoachwa na wajenzi wa barabara, na Shukri aliinunua akidhani atauzia nyama choma humo ndani. Hakuuza hata mshikaki. Kuku walikuwa wakitaga chini yake.

"Mama," alisema polepole, "kama ni gari je? Nyumba ya kuvutwa, yenye magurudumu. Si nyumba ya Njue. Ni gari tu limeegeshwa."

Ciakuthii alifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba Kagwiria alidhani amelala.

"Gari sina neno nalo," akasema mwishoni. "Hata mkwe anaweza kunibeba kwa gari. Lakini liwe gari kweli. Likiwekwa juu ya mawe, hiyo ni nyumba."

*

Njue alikuwa fundi wa mikokoteni. Ukiona mkokoteni wa punda kati ya Manyatta na Kibugu hauyumbi, jua umetoka kwa banda lake. Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, mwenye kiburi cha mahali pamoja tu: ukimwambia lolote kuhusu magurudumu alikuwa anavimba kama unga wa mandazi.

Mkewe alipomweleza habari ya karavani, hakubisha. Alimpenda yule mama, ingawa katika miaka yote ya ndoa walikuwa wameongea kwa kupitia mtu wa tatu. Akafungua fahali wake mwekundu zizini, akampeleka kwa Shukri, wakabadilishana, fahali kwa karavani. Shukri alimzunguka yule fahali akimpapasa mgongo, akashindwa kuficha furaha yake.

"Njue ndugu yangu, mimi sitaki kesho useme nilikuibia. Hii kitu iliingia mtaroni ikivutwa. Ekseli zote mbili zimeharibika. Haitembei."

"Itatembea."

"Kwani unataka kwenda nayo wapi?"

"Nyumbani tu."

"Nyumbani? Si uiburute na trekta, uiweke juu ya mawe, maneno yaishe?"

Hilo swali ndilo lililomtesa wiki nzima. Kila mtu aliyepita bandani aliuliza. Kakake Riungu aliuliza akicheka mpaka akashika mbavu.

"Yaani umetoa ng'ombe mzima, sasa unanunua ekseli, ndio mama mkwe asilale kwa nyumba yako, alale kwa nyumba yako yenye tairi?"

"Ni gari."

"Gari! Weka mawe chini, uzungushe mbao, ataona nini? Mzee wa miaka hiyo atainama?"

Usiku huo huo Njue alimjaribu mkewe na wazo la mbao. Kagwiria aliacha kula.

"Baba Wanja, wewe humjui mama yangu. Atainama. Atashika tairi kwa mkono aone kama linazunguka. Halafu atashika mfuko wake aende Igoji, na hatapanda gari tena kuja huku mpaka tumpeleke kumzika. Hiyo ndiyo unataka?"

"Nimeuliza tu."

"Usiulize tena."

*

Idrisi ana yadi ya springi na ekseli, vile vyuma vya kushikia magurudumu, mjini Embu, na alikuja mwenyewe kuitazama karavani, iliyokuwa imeshaburutwa mpaka bandani kwa Njue. Alijilaza chini yake kwenye gunia, akagonga hapa na pale kwa spana, akatoka na kinyesi cha kuku begani.

"Hizi si za kunyoosha, ni za kubadilisha. Hii ya mbele imepinda, hii ya nyuma kutu imeila huku kwa mkono. Nitakuagizia Nairobi mbili mpya, na habu zake na beringi zake."

"Sawa."

"Zikifika nitazituma na gari la mizigo. Lakini kabla hujafunga, nipigie simu. Kuna namna zinavyokaa."

Njue alijisikia ameguswa pabaya. Pale bandani walikuwa wamesimama wateja, na Riungu, na wale watu ambao kazi yao ni kusimama.

"Idrisi, mimi nafunga ekseli tangu kabla hujaota ndevu."

"Najua, mzee. Lakini wewe ni mtu wa mikokoteni. Hii si mkokoteni."

Watu wakaguna. Riungu akasema, "Woi!" Hakuwa na haja ya kusema kingine. Njue aliokota nyundo yake akaanza kugonga kitu ambacho hakikuhitaji kugongwa, na Idrisi akaondoka bila kujua kwamba amemwudhi mtu.

Basi ekseli zilipofika, Njue alizifungua bandani zikiwa bado zinang'aa rangi nyeusi. Akaiweka moja juu ya meza ya chuma, akainama, akaitazama kwa jicho moja kutoka ncha hii mpaka ncha ile. Akaigeuza. Akaitazama tena. Katikati ilikuwa imeinuka kidogo, mwinuko mdogo tu, kama mgongo wa paka anayeamka. Akachukua ya pili. Na yenyewe vivyo hivyo.

"Zimepinda," alisema.

"Zote?" Riungu aliuliza.

"Zote mbili. Hawa watu wa Nairobi wanafikiri huku hatuna macho."

Ukweli ni kwamba hazikuwa zimepinda. Ekseli za karavani hutengenezwa hivyo makusudi, zikiinuka katikati, ili mzigo ukikaa juu zilale sawa, na matairi yasimame wima. Ekseli za mikokoteni ya Njue zilitoka kwenye magari makuukuu, na zote zilikuwa zimenyooka kama rula. Hiyo ndiyo ekseli aliyoijua. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati lake, na namba ya Idrisi ilikuwa ndani yake. Lakini kumpigia kungekuwa kukubali, mbele ya wale wasimamaji, kwamba yeye ni mtu wa mikokoteni.

Akawasha moto. Akazipasha ekseli katikati mpaka zikawa nyekundu, akazibana kwa jeki, akazigonga, akazimwagia maji zikapiga kelele na mvuke ukajaa bandani. Alipomaliza zilikuwa zimenyooka sawasawa. Wasimamaji walimpigia makofi. Hata Riungu alikubali kwamba kazi ni kazi. Njue alitabasamu siku ile mpaka mashavu yakamuuma.

*

Siku ya Ciakuthii kutoka hospitalini ilikuwa ya ukungu wa Julai, ule unaoshuka kutoka msituni asubuhi na usiondoke. Kagwiria alimchukua kwa gari la kukodi akamfikisha nyumbani saa za alasiri. Mama alikuwa ametoka tu kusafishwa damu, na miguu ilikuwa haimbebi vizuri. Aliingia langoni ameshikwa mkono, akatazama nyumba ya mawe yenye mabati mekundu, akageuza uso.

"Liko wapi?"

"Liko njiani, Mama. Baba Wanja anakuja nalo sasa hivi."

Kagwiria alimtolea kiti cha plastiki, akamkalisha chini ya mti wa makadamia, akamfunika blanketi mbili na kumpa uji. Alimsihi angojee ndani karibu na jiko. Mama alisema hapo panamtosha. Ukungu ulikuwa ukimdondokea kwenye kitambaa cha kichwa.

Njue naye alikuwa njiani kweli. Karavani ilivutwa na trekta la Muthomi, na ndani yake Njue alikuwa amepakia kila kitu ili wasirudie safari: kitanda cha mbao, godoro, mtungi wa gesi, tangi la maji likiwa limejaa, na mawe ya kujengea ngazi ili mama asipate shida kupanda. Alitembea kando yake kama mtu anayemsindikiza bibi harusi. Watu walitoka madukani kutazama. Wanafunzi walipiga kelele. Alikuwa ameahidi mkewe kwamba mama ataiona ikiingia kwa miguu yake yenyewe, na ilikuwa inaingia.

Penye kona ya kiwanda cha kahawa aliona matairi ya nyuma yameanza kulala kwa ndani, vichwa vimeelekeana. Akajiambia ni barabara. Penye mtelemko aliona yamezidi.

"Muthomi, polepole!"

"Kwani naenda haraka?"

Walifika langoni. Trekta likaingia, pua ya karavani ikaingia, na Kagwiria kule ndani akapiga kigelegele. Tairi la kushoto la nyuma likaangukia kijishimo kile kile ambacho Njue alikuwa amesema tangu Krismasi kwamba atakifukia. Kukasikika mlio kama wa mti mkavu kukatika. Karavani ikakaa chini kwa matako, tangi likapinduka ndani, na maji yakaanza kutoka mlangoni.

Gurudumu la kushoto lilichomoka kwenye kipande chake cha ekseli, likabingirika peke yake mpaka kwenye majani ya ng'ombe, likalala.

Njue alipiga magoti, akaangalia pale chuma kilipovunjikia. Palikuwa pale pale alipopasha moto. Alielewa yote kwa mara moja. Akatoa simu, sasa akampigia Idrisi, watu wote wakisikia.

"Ulizinyoosha?" Idrisi aliuliza. "Njue, ulizinyoosha? Na moto?"

"Nilizinyoosha."

"Na maji ukamwaga?"

"Nikamwaga."

"Chuma chekundu ukikimwagia maji kinakuwa kama biskuti," Idrisi alisema. "Sasa mzee, si nilikwambia unipigie?"

"Ulinambia."

*

Muthomi aliiburuta karavani mpaka kando ya ua wa majani, ili watu wapate kupita langoni, wakaiinua kwa jeki na kuisimamisha juu ya yale mawe ya ngazi isianguke. Ikatulia vizuri kabisa. Muthomi akafungua mnyororo, akasema pole, akaenda zake.

Kagwiria alimwendea mamake akijaribu kuchangamka.

"Mama, si unaona imefika? Ingia ulale leo. Kesho fundi atarudisha magurudumu."

"Gari lisilo na miguu ni gari gani?" Ciakuthii alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa akitetemeka. "Hiyo ni nyumba, imekaa juu ya mawe. Mtoto wangu, nimechoka kusumbua watu. Nitakaa hapa mpaka kuche, halafu mnitafutie gari la Igoji."

"Hapa nje? Mama, kuna baridi!"

"Baridi naijua."

Hapo ndipo Kagwiria alipomgeukia mumewe, na yote aliyoyaficha moyoni tangu hospitalini yakamtoka mbele ya majirani waliokuwa wamejipanga kwenye ua.

"Ungepiga simu moja tu! Moja! Lakini wewe ni fundi, wewe huulizi mtu. Sasa mama yangu atakufa kwa sababu ulitaka kupigiwa makofi na Riungu! Angalia! Anatetemeka! Nyumba yako ina vyumba vitatu na hakuna hata kimoja anaweza kuingia, na wewe umesimama hapo na spana! Heri hata baba yako, alikuwa na thingira yake kule chini, mtu angejua ni ya nani na ni ipi!"

Njue alisimama na spana yake. Lakini lile neno la mwisho lilibaki likimzunguka kichwani. Thingira. Kibanda cha mwanamume. Babake alilala huko mpaka alipokufa, na nyumba kubwa ilikuwa ya mamake, na watoto walijua hivyo. Ni yeye Njue, na watu wa umri wake, waliojenga nyumba moja ya mawe na kuingia wote ndani kama wapangaji.

Akageuka akatazama ua, mgongo kwa mama mkwe, kama adabu inavyotaka. Akaongea na majani.

"Mama Wanja, muulize mama. Babake alikuwa akilala wapi?"

"Unauliza nini sasa?"

"Muulize tu."

"Mama, anauliza babu alikuwa akilala wapi."

"Nimesikia. Mwambie alilala thingira."

"Na nyumba ilikuwa ya nani?" Njue aliuliza majani.

Ciakuthii hakungoja kutafsiriwa. "Mwambie ilikuwa ya mama yangu. Baba alikuwa akibisha hodi kama mgeni."

"Basi mwambie hivi. Hii kitu iko juu ya mawe, haiendi popote. Kuanzia leo ni thingira yangu. Na ile nyumba ya mawe ni ya Mama Wanja. Mama akiingia, anaingia kwa binti yake."

Mama mkwe alikuwa akiangalia kikombe cha uji.

"Muulize," alisema, "suruali zake ziko wapi."

"Ziko kabatini," Kagwiria alijibu mwenyewe.

"Nyumba yenye suruali za mwanamume kabatini ni ya mwanamume."

Njue alikuwa ameshaenda kuchukua wilbaro. Alitoa suruali. Alitoa makoti, viatu vya kanisani, gambuti, redio, wembe wake na kioo cha kunyolea. Alitoa picha yake ya harusi, Kagwiria akamwambia hiyo ni ya wote wawili, akairudisha. Alitoa mto wake wa kulalia. Ilibidi arudi tena na tena, na kila alipopita na wilbaro majirani walimtazama kwa huruma kubwa, wakinong'onezana. Waliokuwa wamefika mwanzo walijua sababu. Waliokuja baadaye waliona tu mwanamume anatoa nguo zake huku mkewe amesimama mlangoni na mikono kiunoni, wakajisomea wenyewe.

Alipomaliza alirudi kusimama penye ua, mgongo kwao.

"Mwambie imebaki tupu."

Ciakuthii aliinuka. Ilimchukua muda. Alimshika binti yake begani, akavuka uwanja, akasimama kizingitini mwa ile nyumba ya mawe.

"Hodi kwa Kagwiria," alisema.

"Karibu, Mama," Kagwiria alijibu, na ndipo alipoanza kulia.

*

Jumapili Riungu alikuja na mzee Mwongera wa kanisa, wamevaa tai. Walimkuta Njue amekaa mlangoni mwa karavani akikaanga yai.

"Ndugu yetu," mzee Mwongera alianza, "ndoa ni kuvumiliana. Habari zimefika mpaka kanisani kwamba umefukuzwa."

"Sijafukuzwa."

"Ni vizuri kukubali. Hata mimi mwaka fulani nililala kwa stoo."

"Mzee, hii ni thingira yangu."

Mzee Mwongera alimtazama Riungu. Riungu alitazama viatu vyake. Walimwombea hapo hapo, kwa sauti, na mzee Mwongera akamsihi Mungu amlainishe moyo mama Wanja. Kagwiria aliyasikia yote akiwa jikoni, akaweka mkono mdomoni asicheke. Ciakuthii alikuwa ameketi karibu na moto, anachambua maharagwe. Hakucheka, lakini mabega yake yalitikisika.

Sokoni lilikuwa jambo lingine. Wateja walimwuliza kama mkewe amemruhusu kufungua banda. Shukri alimtumia maini, akasema ni ya kumpoza. Njue aliyameza yote. Usiku bati la karavani lilishika baridi yote ya mlima, na godoro lililoloweshwa na tangi siku ile halikukauka vizuri kamwe. Alikuwa akilala amevaa koti. Asubuhi Kagwiria alimletea chai mpaka mlangoni, akaketi naye kidogo kwenye ngazi.

"Umelala?"

"Nimelala. Mama?"

"Amelala kama mtoto. Leo amekula ndizi mbili na kunikemea kwamba nakata sukuma vibaya."

"Hiyo ni dalili nzuri."

"Ni nzuri sana," Kagwiria alisema. Akamshika goti. "Baba Wanja, yale maneno yangu ya siku ile."

"Yalikuwa ya kweli."

"Ndiyo. Lakini samahani."

Ciakuthii alipelekwa Embu na kurudishwa, wiki baada ya wiki. Uvimbe ulimtoka miguuni. Akaanza kutembea uwanjani bila kushikwa, akafika mpaka kwenye mboga, akazipalilia kwa kisu cha jikoni. Chumba cha Wanja kimegusana ukuta na jiko, na ukuta ule hukaa na joto mpaka asubuhi. Aliupenda. Alisema Igoji nzima hakuna ukuta kama ule.

*

Idrisi alipiga simu Njue akiwa bandani.

"Zile ekseli zingine ulizoagiza zimefika. Mpya kabisa. Safari hii nakuja kuzifunga mwenyewe, hata kama utanichukia. Kesho asubuhi karavani yako inatembea."

Njue alikuwa ameziagiza wiki ile ile ya aibu, alipokuwa bado anataka kuwaonyesha watu. Aliiweka simu sikio la pili. Akafikiria karavani ikitembea. Ikitembea si thingira tena, ni gari. Na ahadi ilikuwa ni kwamba gari likipatikana, mama mkwe analala garini. Alimjua sasa. Angekunja leso zake siku hiyo hiyo, aende kulala kwenye lile bati na figo zake, aache ule ukuta wa jiko.

"Idrisi."

"Naam."

"Ziweke huko kwako."

"Niziweke vipi? Si ulikuwa unasumbua kila siku?"

"Ukipata mteja, uza."

"Njue, unaumwa?"

"Siumwi. Uza tu."

Jioni alirudi nyumbani akapitia lango kwa miguu. Mama mkwe alikuwa kwenye mboga, kisu mkononi, na Kagwiria alikuwa akianua nguo. Njue aligeukia ua kama kawaida yake, akawa anapita kando kando kuelekea karavani.

"Kagwiria," Ciakuthii aliita kwa sauti ya kufika mbali, "muulize huyo mtu kama ekseli zake zimefika."

Kagwiria alimtazama mumewe. Alijua, maana Idrisi alikuwa amempigia yeye pia kuuliza kama mzee ana homa.

"Baba Wanja, mama anauliza kama zimefika."

"Mwambie bado," Njue aliyaambia majani. "Ziko Nairobi."

Ciakuthii alikata mchicha, akautikisa udongo.

"Basi mwambie avae soksi mbili mbili," alisema. "Hilo bati lina baridi."